Malenga wa Ngamiani: shairi la shilingi 60,000 na namba iliyokosewa

Nimewahi kuandika maoni kuhusu kompresa, kuhusu gesi ya friji, na kuhusu gesti moja yenye kunguni ambayo siitaji. Kuhusu shairi ni mara yangu ya kwanza. Lakini pesa nimelipa, nimengoja, kazi nimepokea, na tangu ile sherehe watu hawajaacha kuniuliza "lile shairi ulilitoa wapi?" Basi naandika hapa mara moja, nikiulizwa tena nitume kiungo tu.

Kazi yenyewe ilikuwa shairi la kumshukuru mama, la kusomwa kwenye sherehe ya kumuaga mdogo wangu wa mwisho anayeolewa, hapa hapa Tanga. Bei shilingi 60,000, nusu unatanguliza, nusu unamalizia ukishasomewa. Beti tisa, kwa mkono, kwenye karatasi ya kaunta buku. Aliahidi siku 10, akatumia 19. Nampa nyota nne, na ya tano nitaeleza imekwenda wapi.

Jina la malenga silitaji kwa sababu amekataa. "Anayenitaka ataniuliza," alisema, na mimi sina la kuongeza. Ni bibi wa miaka sabini na kitu, alikuwa mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, anakaa Ngamiani. Ukifika uliza bibi anayetunga mashairi ya harusi. Watoto wanaocheza mpira barabarani watakupeleka hadi mlangoni, na mmoja wao atakuomba mia mbili.

Kabla yake nilikuwa nimeshapoteza 25,000. Kuna duka moja la steshenari linalochapa kadi na risala, na pembeni ya fotokopi wameweka kibao: "Mashairi ya Mama, Baba, Bi Harusi." Nikamwambia kijana wa pale nataka la mama. Akaniuliza maswali mawili, jina la mama na rangi ya fremu. Kesho yake nikapewa fremu ya dhahabu, maua pembeni, na ndani mama ni nguzo, mama ni taa, mama ni lulu, mama ni bahari isiyo na mwisho. Ubeti wa tatu unamwita mama yangu "Mama Neema". Kwetu hakuna Neema. Nilipomwonyesha akasema atabadilisha jina bure, na kwamba mashairi yote ndivyo yalivyo, "unabadilisha jina tu, bro."

Mimi ni fundi wa mafriji. Nimefungua friji nyingi ambazo nje zinang'aa, taa ya ndani inawaka, mota inanguruma vizuri kabisa, na maziwa yameganda mtindi kwa joto. Mwenye friji anakuapia kwamba zima. Ndiyo ilivyokuwa ile fremu. Niliisoma mara tatu nikiwa peke yangu karakana, nikitafuta mahali penye ubaridi, sikupaona. Na si kwamba maneno yale ni ya uongo. Mama ni nguzo kweli, lakini hata mama wa yule kijana ni nguzo.

Shemeji yangu mmoja ndiye aliyenielekeza kwa Bibi.

Nilikwenda na baiskeli jioni, baada ya Alasiri. Shikamoo, marahaba, kiti cha mgongo wa kamba, kikombe cha kahawa chungu na kashata. Nikaanza maelezo yangu niliyoyaandaa njiani, kwamba mama yangu ni mtu mwema sana, ametulea kwa shida, ana upendo. Aliniacha nimalize. Kisha akasema: "Huyo namjua. Mama mwema nimemwandika mara arobaini. Wa kwako ni yupi?"

Sikuwa na jibu. Akasaidia.

"Akirudi kazini, kitu cha kwanza kushika kilikuwa nini?"

Mafuta ya nazi, nikasema. Kwa nini? Kwa sababu ya mikono. Mikono imefanya nini? Inawasha, utomvu wa mkonge unawasha. Alikuwa anakata? Hapana Bibi, alikuwa anaanika singa. Wapi? Hapo nikasita, kwa sababu hapo ndipo huwa tunabadilisha mazungumzo nyumbani kwetu.

Ukituuliza sisi ni watu wa wapi, tutakwambia Tanga. Ukitaka zaidi tutasema Korogwe. Si uongo, nimezaliwa 1981 upande wa Korogwe. Tunachoruka ni kwamba nilizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge, na mama naye alizaliwa kambi hiyo hiyo mwaka 1955, na kwamba baba yake hakuwa Msambaa wala Mzigua wala Mbondei. Alikuwa Muha. Aliletwa. Alikuwa manamba.

Kwa wasomaji wa mbali: mkonge si mmea wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Miaka sabini baadaye nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Jani la mkonge halijikati. Linataka mtu wa kuliinamia, na ncha yake ina mwiba mweusi unaoingia mwilini kama sindano. Wenyeji wengi hawakuitaka kazi hiyo, wakaletwa watu kutoka Kigoma, Songea, Urundi, Msumbiji, kila mmoja na namba yake, na namba hiyo ndiyo iliyowapa jina. Mimi nimekua neno manamba likiwa tusi. Mtoto mwenzio akikosa tusi la kukutukana, hilo lipo. Babu alifariki nikiwa mdogo na sikumbuki kumsikia mtu akimwita hivyo kwa wema.

Nilimweleza Bibi ile ya miche 62. Akacheka, akaandika pembeni ya karatasi. "Hata mche ulihesabiwa," akasema, "sembuse mtu."

Kikao kile kilichukua saa mbili na nusu. Swali lake la mwisho lilikuwa: kuna siku uliona haya juu ya mama yako? Nikasema hapana. Akanyamaza akikoroga kahawa ambayo haina sukari, sijui alikuwa anakoroga nini. Nikamwambia basi. Nikamwambia kuhusu korona.

Korona ni mashine inayosaga majani ya mkonge ili zibaki nyuzi, ndizo singa. Zikitoka ni mbichi, zinachuruzika maji ya kijani, na wanawake wanazipokea na kuzitandaza kwenye nyaya juani. Mabaki yanarundikwa na kuoza, na harufu yake aliyekulia huko haambiwi. Ni uchachu, ni ukali, inapanda hadi machoni. Ilikuwa kwenye kanga za mama, na kwa kuwa nguo zote zilifuliwa beseni moja, ilikuwa kwenye shati langu la shule pia. Nilikuwa nakaa dawati la nyuma kabisa karibu na dirisha. Mwalimu alidhani mimi mtundu.

Mke wangu hajui hili. Alikuwa hajui, niseme.

Sasa, mambo ya huduma, kwa anayetaka kwenda. Bibi hana kompyuta wala hatumii WhatsApp, simu yake inapokewa na mjukuu ambaye husahau kufikisha ujumbe. Baada ya Magharibi hapokei wateja. Haandiki shairi la kampeni, la udiwani wala la ubunge, usijisumbue. Kughani ni malipo mengine, 30,000, na nauli juu yako. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri, kaa upande wa kulia. Haandiki mashairi yasiyo na vina, ile milio inayofanana katikati na mwishoni mwa mistari, na mizani, ile hesabu ya silabi. Nilimwambia siku hizi kuna mashairi huru na mengine mazuri, akakubali kwamba mengine ni mazuri, akasema niende kwa wanaoyaandika. "Mimi nikitoa mizani nabaki na guni, na guni silitozi pesa." Guni ni shairi lililokosa vina au mizani. Risiti hakuna. Na kama una haraka ya siku tatu, nenda kwenye fremu ya dhahabu.

Jambo moja lilinikera. Nilitaka mama asijue. Bibi akakataa kuandika bila kumwona mwenyewe. Tulibishana kwa simu, kupitia mjukuu, hadi mama mdogo akajitolea: akampeleka kwa mama kama rafiki yake wa kikoba, wakakaa uani watatu wanapukuchua kunde kutwa nzima. Mama mdogo anasema hawakuwa wamefika nusu ya ungo mama alipoanza kusimulia mambo ambayo yeye mwenyewe, ndugu yake wa damu, hakuwahi kuyasikia. Kwamba babu alipozeeka akili ikapunguka, alikuwa akiulizwa jina anataja namba. Kwamba hakuwahi kurudi Uha hata mara moja, na kila alipolipwa alikuwa anasema mwezi ujao.

Siku ya 19 nikaitwa. Hupewi karatasi kwanza, unakaa, unasomewa. Aliimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza mtoto wa mtu mwingine. Nimempa taarifa kwamba nitaweka beti mbili hapa, akaniruhusu mbili tu:

Mia tatu na sabini, ndilo jina alopewa,
Likachapwa kipandeni, wala yeye kuhojiwa,
Toka Uha hadi pwani, ja mzigo kapakiwa,
Mama, kwetu ni shambani, hapo ndipo tumekuwa.

Korona iko kangani, hata ikisha fuliwa,
Nakaa nyuma shuleni, nisije kutambuliwa,
Leo ndiyo natamani, kanga ile kugaiwa,
Mama, kwetu ni shambani, hapo ndipo tumekuwa.

Kipande, kwa asiyejua, ni kile kikadi cha kazi chenye vyumba thelathini, siku moja chumba kimoja.

Sitajifanya mjuzi wa bahari za ushairi. Ninachoweza kusema ni kwamba ule ubeti wa korona niliusikia tumboni kabla ya masikioni, na jambo la kwanza nililosema ni: Bibi, huu utoe.

Akauliza kwa nini. Nikasema watakuwepo wakwe. Watakuwepo watu wa benki anakofanya kazi bwana harusi. Mdogo wangu anaingia ukoo wa watu, hatuwezi kumuingiza na harufu ya korona. Na tena lile la namba, watu watajua babu alikuwa manamba. Weka la mafuta ya nazi, nikamwambia, hilo zuri, na lile la miche. Haya mawili utoe.

Akakunja karatasi. Akasema nikiyatoa hayo nimrudishie shairi naye anirudishie thelathini yangu, na akawa kweli ameshika mkoba. Kisha akanihadithia habari za Mwana Kupona, ambazo nilizisikia shuleni nikiwa nimelala. Kwamba mwaka 1858 mwanamke wa kisiwa cha Pate, mgonjwa, mjane, alimwita binti yake akae karibu na wino na karatasi, akamtungia utendi. Mtu mmoja anamwandikia mtoto mmoja, ndani ya nyumba moja. "Hakuanza na enyi wanawake wa dunia. Alianza na njoo wewe, binti yangu. Na angalia ni wangapi wamekwenda kukaa pale kwenye mkeka wa yule binti." Na huyu wa kwetu, akasema, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani: alipofiwa na mkewe alimlilia Amina kwa jina lake, na watoto wa shule ambao hata uchumba hawaujui wamemlilia Amina naye. "Angelia mke kwa jumla, nani angemjua?"

Nikamwambia Bibi, hao walikuwa washairi, mimi nina ukumbi wa watu mia mbili na hamsini na keki ya ghorofa nne. Akasema keki itakatwa tu.

Nilimalizia thelathini. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ilikuwa tayari siku ya 19 na sherehe ilikuwa Jumamosi.

Ukumbini sitaelezea sana, mnazijua sherehe zetu. Spika zilikoroma, mshereheshaji alichelewa, wali ulitosha, kuku hawakutosha. Shairi liliwekwa baada ya zawadi za shangazi na kabla ya keki, saa nne na robo usiku, wakati ambao watu wanaangalia simu. Bibi alisimama na kanga mbili na miwani, akakataa maikrofoni ya kushika mkononi, akawekewa ya kusimama. Akaanza.

Beti mbili za kwanza watu waliendelea na mambo yao. Beti ya tatu ni ile ya namba. Nilikuwa namwangalia mama mkwe wa mdogo wangu, natafuta uso wake utakunjamana saa ngapi. Haukukunjamana. Aliweka chini soda yake. Kisha nikasikia sauti kutoka meza za nyuma, za watu wa upande wao waliotoka Muheza, mtu mzima mwanaume akisema "Naam!" kama mtu aliyeitwa darasani. Kilipofika kituo, ule mstari wa mwisho unaorudiwa, hapo ndipo tumekuwa, wakaanza kuitikia. Sikutegemea kabisa. Meza moja, kisha meza mbili, kisha wale wahudumu waliosimama ukutani na majagi ya juisi. Beti ya korona ilipopita mwanamke mmoja alicheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyeshikwa, akajifunika uso na mtandio.

Baadaye kwenye foleni ya chakula yule mzee wa "naam" alinishika mkono. Hakuniambia pole wala hongera. Aliniuliza: "Korona ya wapi?" Nikamtajia shamba. Akanitajia lake. Tukaanza kulinganisha, kwenu nyaya za kuanikia zilikuwa upande gani, kwenu posho ilitoka siku gani, kana kwamba tunazungumzia shule tulizosoma. Huyu ni baba mkubwa wa bwana harusi. Watu niliowaogopa nao walikuwa watoto wa kambi, wamekaa wananiogopa mimi.

Hilo ningeweza kulielewa, Tanga imejaa watoto wa mkonge. Kilichonishangaza ni mpiga picha wa video. Kijana wa Dar, hajawahi kuona mkonge isipokuwa kwenye dirisha la basi. Alikuja akiwa na kamera bado begani akaniuliza kama anaweza kupiga picha ile karatasi. Nikamuuliza ya nini. Akasema mama yake alikuwa anauza samaki Feri, na yeye alikuwa akishuka kituo kimoja kabla ya shule ili asionekane wameongozana. Akasema, "Yule Bibi kasema korona, mimi nimesikia samaki." Akapiga picha, akarudi kwenye keki.

Nimelifikiria sana neno hilo nikiwa na bisibisi mkononi. Ile fremu ya dhahabu iliandikwa ili imfae kila mtu, na haikumfaa hata mmoja, hata mimi niliyeinunua. Hili liliandikwa kwa ajili ya mwanamke mmoja, mashine moja, kanga moja, na mtu ambaye hajui korona ni mnyama au mdudu akaingia ndani akakuta kiti chake. Sijui inafanyaje kazi. Friji najua inafanyaje kazi.

Hadi leo picha ya ile karatasi nimeitumia watu 14, nimehesabu. Mmoja ni nesi anayesema mama yake alikuwa anachoma mkaa. Mwingine ameniomba nimtumie ubeti wa dawati tu. Kwenye kundi la ukoo wetu, ambalo kwa miaka sita lilikuwa la michango na kheri za Ijumaa, binamu zangu wameanza kutaja Uha. Mmoja ameweka picha ya kipande halisi, kimechakaa, alikuwa nacho kwenye Msahafu wa marehemu baba yake bila kujua ni nini.

Mke wangu alisubiri hadi tumefika nyumbani. Akaniuliza, "Dawati la nyuma?" Nikasema ndiyo. Akasema sawa, akaenda kuvua viatu.

Sasa ile nyota ya tano.

Siku ya tatu baada ya sherehe nilikwenda kwa mama kusaidia kurudisha masufuria ya kukodi. Hakuwa amesema chochote kuhusu shairi. Usiku ule alikaa ameinamisha kichwa mwanzo hadi mwisho, akapeana mkono na Bibi, akasema ahsante, basi. Nilikuwa nasugua ukoko wakati aliposema, bila kuniangalia: "Haikuwa sabini."

Nikauliza nini haikuwa sabini.

"Namba ya baba. Haikuwa mia tatu na sabini. Ilikuwa mia tatu na saba. Nilimwambia yule bibi siku ya kunde, mia tatu na saba."

Nilipanda baiskeli na masufuria hayajarudi. Nilikuta Bibi anakula. Nikamuuliza. Hakukana, na hakuona haya pia. Akahesabu kwa vidole juu ya sahani: mi, a, ta, tu, na, sa, ba. Saba. Ukwapi, ile nusu ya kwanza ya mstari, unataka mizani nane, na kina chake ni "ni". Mia tatu na saba inapungua mizani moja na kina hakuna. Akaweka sabini, ikakaa.

Nilikasirika zaidi ya nilivyokasirikia Mama Neema. Nikamwambia, Bibi, wewe ndiye uliyenikatalia kutoa korona kwa sababu ni kweli. Umenikalisha mbele ya wakwe na harufu yangu kwa sababu ni kweli. Halafu mzee mwenyewe, ambaye hakuachiwa kitu chochote isipokuwa namba, unambadilishia namba kwa ajili ya kina?

Aliacha kula. Akanawa mkono. Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba mjukuu alichungulia.

"Hapo umenishika," akasema.

Nasema kwa haki, sijawahi kumsikia fundi yeyote mjini hapa akisema hivyo, na mimi mwenyewe nikiwemo. Alichukua kaunta buku pale pale. Ni mia tatu na saba, akaandika, ukiongeza "ni" mbele zinatimia nane. Ila kina cha kati kinakuwa ba, na ubeti wote lazima ufumuliwe. Akaanza kutafuta kwa sauti: baba, haba, msiba, tiba. Kisha akasimama kalamu hewani. "Kibaba," akasema. "Unga wa posho ulikuwa unapimwa kwa kibaba." Na uso wake ukabadilika kabisa, akanisahau, akaendelea kuandika. Niliondoka bila kuaga, nikahisi ningemkatiza.

Nilipomweleza mama kwamba inarekebishwa, nilidhani atafurahi. Alikuwa anaanua kanga kwenye kamba. Alifikiri kidogo.

"Na huyo wa sabini?" akauliza.

Nikasema huyo hayupo mama, ni kosa la Bibi.

"Alikuwepo. Kama baba alikuwa wa saba, wa sabini alikuwepo. Naye alikuwa mtu, naye aliletwa. Sasa ameshatajwa mbele za watu, mnamtoaje?" Akakunja kanga, akaiweka juu ya nyingine. "Mwambie aongeze ubeti."

Nimepeleka ujumbe kupitia mjukuu, na safari hii umefika. Bibi amejibu kwamba zitakuwa beti kumi, ya baba kwa kibaba na ya huyo mwingine itabaki kama ilivyo, mahali pake pengine, na ubeti wa kumi hatautoza. Ameomba wiki mbili. Hii ni ya tatu. Nikiupata nitarudi hapa kurekebisha, na nyota nitaiangalia siku hiyo.